Tahariri: Kabla ya kulipia vipimo vya ini, pima sukari kwanza

Katika nyumba nyingi za Ndosho kuna mfuko wa plastiki unaoning'inia nyuma ya mlango, au uliowekwa chini ya godoro. Ndani yake mna kadi za chanjo za watoto, kadi ya kura, na karatasi za labo zilizokunjwa mara nne. Ndio mfuko wa kwanza kunyakuliwa watu wanapokimbia. Ulinyakuliwa Mei 2021 Nyiragongo ilipotapika moto, ukanyakuliwa tena Januari 2025 risasi zilipofika mjini. Karatasi hizo zinatunzwa vizuri kuliko viatu, lakini ni wachache wanaojua zinasema nini.

Leo tuchukue moja tu kati ya hizo: karatasi ya ini. Ina mistari mitatu au minne. ASAT, ALAT, Gama-GT. Labo zenye fomu za zamani bado zinaandika TGO na TGP, lakini ni kitu kilekile. Mbele ya kila jina kuna namba, na namba ikipita kiwango, labo inaweka nyota au mshale. Mgonjwa anaona mshale, anashtuka, anauliza: ini langu limeoza? Siku hizi swali la pili linafuata haraka: je, ni kweli kwamba namba hizi zinaonyesha mtu atakayepata ugonjwa wa sukari?

Jibu fupi ni kwamba kuna ukweli ndani yake. Lakini ukweli huo ulipimwa mbali na hapa, kwa watu wengine, na ukifika Goma bila maelezo unaweza kumfanya mama mwenye kibanda cha makala atoe pesa za wiki mbili kwa vipimo visivyojibu swali lake, huku tone moja la damu ya kidole lingemjibu chini ya dakika moja. Ndiyo sababu tunaandika.

Ini ni ghala la sukari la mwili. Mtu akila fufu na sombe saa mbili usiku, sehemu ya sukari inayotoka katika chakula hicho inawekwa kwenye ini. Usiku tukiwa tumelala, ini linafungua ghala kidogo kidogo ili ubongo usikose chakula mpaka asubuhi. Anayeliambia ini "funga, inatosha" ni insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho. Sasa, ini likijaa mafuta linakuwa kiziwi kwa amri hiyo. Linaendelea kumwaga sukari hata wakati damu imekwisha kujaa. Kongosho nalo linajibu kwa kutoa insulini nyingi zaidi, mwaka baada ya mwaka, mpaka linachoka. Siku linapochoka ndiyo siku daktari anasema: una kisukari. Lakini jambo lenyewe lilianza miaka mingi kabla ya siku hiyo.

Wakati huohuo chembe za ini zilizojaa mafuta zinaumia, na vitu vilivyopaswa kubaki ndani yake vinavuja na kuingia katika damu. Vitu hivyo ni enzimi, wafanyakazi wadogo wa kemia ya mwili. ALAT ni mmoja wao. Herufi ya kwanza inatokana na alanini, kiungo cha protini, wala haihusiani na soko letu la Alanine, ingawa mwanafunzi wa uuguzi wa Goma anaweza kusamehewa akicheka anapolikuta jina hilo kitabuni. ASAT ni ndugu yake, lakini yeye anaishi pia kwenye moyo na kwenye misuli. Gama-GT inahusika zaidi na njia za nyongo, na inapanda haraka kwa mtu anayekunywa pombe.

Kwa hiyo wazo kwamba ini linaweza kutoa onyo kabla ya sukari kupanda lina mantiki, na limepimwa. Mwaka 1998 Ivan Perry na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanaume 7,458 kutoka miji 24 ya Uingereza, wenye umri wa miaka 40 hadi 59, wote wakiwa hawana kisukari mwanzoni. Waliwafuata kwa miaka 12. Katika muda huo 194 walipata kisukari, na waliokuwa na Gama-GT ya juu walikipata mara nyingi zaidi kuliko waliokuwa nayo ya chini, hata baada ya kuhesabu unene na pombe. Ufaransa nako uchunguzi unaojulikana kwa jina la DESIR ulikuta jambo la namna hiyohiyo mwaka 2005, kwa wanaume na wanawake. Mwaka 2008 ikaja taarifa kutoka Framingham, mji wa Marekani ambao wakazi wake wamefuatwa na madaktari tangu mwaka 1948: watu 2,812 waliotazamwa kwa miaka 20, na ALAT ikipanda, hata ikiwa bado ndani ya kile kinachoitwa kawaida, hatari ya kisukari nayo ilipanda.

Huo ndio ukweli. Sasa tuutazame kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wengi wanateleza.

Turudi kwa wale Waingereza 7,458. Tuwagawe mafungu matano sawa kwa kufuata Gama-GT yao, kutoka ya chini kabisa hadi ya juu kabisa. Kila fungu lina watu karibu 1,490. Tufanye hesabu kali kuliko ilivyokuwa: tuseme wagonjwa wote 194 walitoka katika fungu la juu kabisa, na hakuna hata mmoja katika mafungu mengine. Hata hivyo, kati ya kila watu 100 wenye Gama-GT ya juu, 87 hawakupata kisukari katika miaka yote 12. Yaani namba ya juu inaongeza hatari, lakini haimwambii mtu mmoja mmoja kesho yake. Kwa mtafiti mwenye maelfu ya majina, tofauti hiyo ni kubwa. Kwa baba mmoja anayetoka labo akiwa ameshika karatasi yake, ni fununu tu. Asivunje biashara, asiache kula, wala asianze kunywa majani machungu kwa sababu ya fununu.

Jambo la pili ni kwamba watu hao hawafanani na sisi. Waliishi katika nchi ambako mafuta kwenye ini na pombe ni miongoni mwa sababu kubwa za enzimi kupanda. Hapa kwetu, mtu akionyesha mshale kwenye ALAT, mafuta ni mmoja tu kati ya washukiwa, na mara nyingi si wa kwanza kuulizwa.

Wa kwanza ni hepatiti B. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na hepatiti B ya kudumu, na karibu milioni 65 kati yao wako Afrika. Wengi hawajui. Wanaipata utotoni, inakaa kimya miaka 20 au 30, kisha ini linakuwa gumu kama jiwe la volkeno au linaota saratani. Mtu mwenye enzimi za juu ambaye hajapimwa hepatiti B amefanyiwa nusu ya kazi. Na anayeambiwa "hii ni dalili ya sukari, punguza fanta" bila kupimwa virusi amepotezwa njia kabisa.

Kisha kuna malaria kali, ambayo inaligusa ini. Tifoidi vilevile. Kuna dawa za kifua kikuu, ambazo ni za lazima na hakuna anayepaswa kuziacha kwa sababu ya tahariri hii, lakini zinaweza kupandisha enzimi, na ndiyo maana mgonjwa anayezimeza akiona macho yanageuka manjano anatakiwa kurudi kituoni siku hiyohiyo. Kuna baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi. Kuna parasetamoli, ambayo tunainunua farmasini kama peremende: mtu mzima hapaswi kupita gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na anayekunywa pombe kila siku au aliyedhoofika kwa njaa anaweza kuumia hata chini ya hapo. Kuna dawa za mitishamba zinazouzwa kwenye chupa za maji bila jina wala kipimo. Na kuna kanyanga, kasiksi na bia. Tusijidanganye: kwenye Gama-GT, pombe ndiyo mzungumzaji mkubwa.

Hata kazi inaweza kusema kwenye karatasi hiyo. Kijana anayesukuma chukudu yenye magunia ya viazi kutwa nzima anaweza kupimwa kesho yake akakutwa na ASAT iliyopanda, na pengine ALAT pia, si kwa sababu ini linaumwa bali kwa sababu misuli imechoka. Daktari asiyemuuliza anafanya kazi gani atamtafutia ugonjwa asio nao.

Na damu yenyewe inaweza kudanganya njiani. Mirija ikitolewa kituo kimoja na kupelekwa labo nyingine kwa pikipiki, juu ya mawe ya lava, chembe nyekundu zinapasuka na kumwaga enzimi zao, na ASAT inapanda bila mgonjwa kuwa na kosa. Sukari nayo inafanya kinyume. Damu ikiachwa kwenye mrija wa kawaida bila kutenganishwa, chembe zake zinaendelea kula sukari iliyomo, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa. Damu iliyotolewa saa moja asubuhi na kupimwa saa tano inaweza kuonyesha sukari ya kawaida kwa mtu ambaye hana sukari ya kawaida. Katika mji ambao umeme unakwenda na kurudi, na ambao mashine za labo zinangoja stima au mafuta ya jenereta, hili si jambo dogo. Mtu mmoja anaweza kutoka na karatasi yenye makosa mawili: ini lililosingiziwa na kisukari kilichofichwa.

Tena kuna wagonjwa ambao karatasi ya ini itawapita bila kuwaona kabisa. Tumezoea kumfikiria mgonjwa wa kisukari kama bwana mnene mwenye gari na kitambi. Wapo hao, na wanaongezeka. Lakini madaktari wa Kivu wanawajua pia wengine, wembamba, wakulima, watu waliokua kwa shida, ambao sukari yao iko juu ingawa hawana mafuta ya kuonyesha. Aprili 2025, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliamua kuutambua ugonjwa wa sukari unaohusiana na utapiamlo kama aina ya pekee, aina ya 5. Uchunguzi uliofanyika India kwa wagonjwa wa namna hiyo ulionyesha kwamba shida yao ni upungufu wa insulini, na ini lao lina mafuta kidogo kuliko la wagonjwa wa aina ya 2. Ukiwapima enzimi za ini ukitafuta onyo la kisukari, huenda usipate kitu. Utawaambia waende nyumbani kwa amani.

Hilo linapaswa kutugusa sisi hasa. Mkoa huu umelea vizazi vitatu katika kuhama. Watoto waliozaliwa njiani mwaka 1996 leo wana watoto wao, na baadhi ya hao walipita Mugunga, Bulengo au Kanyaruchinya kabla ya kambi hizo kuvunjwa Februari 2025. Njaa ya utotoni haiishi pale chakula kinapopatikana. Kwa watu wa namna hiyo, njia ya kutafuta kisukari kwa kupitia ini ni ndefu na ina mashimo. Njia iliyonyooka ipo: pima sukari.

Kwa kusema hivyo hatudharau sayansi, wala hatusemi sisi tungoje wengine watutafutie. Bukavu, ng'ambo ya ziwa, walikataa kungoja. Mwaka 2014 Antoine Kishabongo, Philippe Katchunga na wenzao wa Ghent, Ubelgiji, walichapisha kazi ambayo ilistahili kelele zaidi kuliko ilizopata. Walichukua vipande vya kucha. Kucha ni protini, na sukari ya damu inaponata kwenye protini inaacha alama inayobaki. Walipima alama hiyo wakaona inaweza kuwatenganisha wenye kisukari na wasio nacho. Kipande cha kucha hakihitaji friji, hakimwagiki kwenye pikipiki, hakiharibiki umeme ukikatika. Bado si kipimo cha kila kituo cha afya. Lakini hapo kuna watu waliouliza swali sahihi: katika nchi yetu, kwa barabara zetu, ni kipimo gani kitakachofika salama?

Mfano mwingine wa swali hilo ni kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 au 3. Ni kipimo kizuri, na wenye pesa wanakipenda kwa sababu hakihitaji kufunga kula. Lakini Kongo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa wa SS, na wenye AS ni wengi kati yetu bila kujua. Kwa mgonjwa wa SS, kipimo hicho hakiaminiki. Kwa mwenye AS, inategemea mashine inayotumika. Hili nalo mgonjwa haambiwi kwenye dirisha la malipo.

Basi tuseme waziwazi tunachokitaka.

Kwanza, mtu asiye na dalili za ini, anayeogopa kisukari kwa sababu mama yake anacho, au kwa sababu kiuno kimeongezeka, au kwa sababu alizaa mtoto mkubwa wa kilo 4 na zaidi, asianze na vipimo vya ini. Aanze na glisemi, yaani kiasi cha sukari katika damu, asubuhi, bila kula wala kunywa kitu ila maji kwa muda wa saa 8. Chini ya miligramu 110 kwa desilita, Shirika la Afya Duniani linasema ni kawaida. Kutoka 110 hadi 125 ni onyo. Kuanzia 126, ikirudiwa siku nyingine na kutoka vilevile, ni kisukari. Mwenye kiu isiyokwisha, anayekojoa usiku mara nyingi na kukonda, akikutwa na 200 au zaidi saa yoyote ya siku, hahitaji kungoja asubuhi ya kufunga. Kijiti cha kidole kinatosha kumfungulia mlango, hata kama labo itathibitisha baadaye.

Pili, yule ambaye karatasi ya ini anayo tayari, na ina mshale, asiitupe. Hapa ndipo wale Waingereza na Wamarekani wanatusaidia kweli. Mshale huo ni sababu nzuri ya kupima mambo mawili, hepatiti B na sukari, na vyote viwili vinaweza kufanyika kwa vijiti vya haraka bila mashine kubwa. Ikiwa virusi hakuna, pombe si nyingi, dawa kali hamezi, na sukari iko kwenye 110 hadi 125, basi ini na sukari wanasimulia hadithi moja, na kuna muda wa kuibadilisha. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002, wa watu 3,234 waliokuwa karibu na kisukari, ulionyesha kwamba kupunguza uzito kidogo, karibu asilimia 7, pamoja na kutembea dakika 150 kwa wiki, kulipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 58. Dawa ya metiformini ilipunguza kwa asilimia 31. Miguu iliishinda dawa.

Mtu atasema: Ndosho hatuna shida ya kutembea, tunatembea mpaka viatu vinaisha kwenye mawe. Ni kweli kwa mama anayebeba maji. Si kweli kwa motari anayekaa juu ya pikipiki toka alfajiri mpaka usiku akipitisha siku kwa mandazi na soda mbili, wala kwa mwenye duka, wala kwa karani. Na si kweli kwetu sisi waandishi wa habari, tuseme na hilo.

Tatu, na hapa tunawageukia wenye vituo vya afya na labo. Gharama ya vipimo vya ini vyote kwa pamoja ni mara kadhaa ya gharama ya kijiti kimoja cha sukari. Katika mji ambao benki zilifunga milango Januari 2025 na mishahara ya wengi ikapotea hewani, kumwandikia mtu vipimo vya ini ili "kuona kama ana hatari ya sukari" ni kumtoza kwa mzunguko. Hatumlaumu yeyote kwa jina. Tunajua kituo kinaishi kwa fedha za wagonjwa, muuguzi naye ana watoto. Lakini kuna tofauti kati ya kutafuta riziki na kuuza wasiwasi, na mgonjwa asiyesoma karatasi yake hawezi kuiona tofauti hiyo. Daktari anaiona.

Nne, mashirika ya misaada. Tunayashukuru, na tunaandika tukijua bila hayo mji huu ungezika watu wengi zaidi. Hospitali ya CBCA Ndosho, ambayo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imeisaidia kwa miaka katika upasuaji wa majeruhi wa vita, ilijaa kupita kiasi mwishoni mwa Januari na mwezi wa Februari 2025. Waganga walifanya kazi usiku na mchana huku mji ukitikisika. Katika siku za namna hiyo hakuna anayeuliza habari za kisukari, na ni haki. Lakini jeraha halijali kama kisukari kinajulikana au hakijulikani. Mguu uliopigwa risasi wa mtu mwenye sukari ya 300 hauponi kama mguu wa mtu mwingine. Unachelewa kufunga, unaingia wadudu kwa urahisi, na mara nyingine unakatwa. Kijiti kimoja kwa kila mtu mzima anayelazwa kwa jeraha si anasa ya wakati wa amani.

Tena vifaa vinajulikana. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutengeneza kifurushi maalumu cha magonjwa yasiyoambukiza kwa ajili ya dharura, kilichopangwa kwa watu 10,000 kwa miezi 3, chenye dawa za presha, za pumu, za kisukari, na vyombo vya kupimia sukari. Swali kwa wanaoratibu misaada ya Goma ni rahisi: uwanja wa ndege ulifungwa Januari 2025, vitu vikalazimika kupita barabarani au ziwani, kila sanduku lina thamani. Je, sanduku hilo linapewa nafasi yake? Maana mwenye kisukari cha aina ya 1 akikosa insulini hafi baada ya mwaka. Anakufa ndani ya siku chache. Na kwa kuwa alifia nyumbani, bila risasi, hatahesabiwa kati ya wafu wa vita.

Barani Afrika, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linasema zaidi ya nusu ya watu wazima wenye ugonjwa huu hawajui kwamba wanao. Hatuoni sababu ya kuamini kwamba Ndosho ina bahati kuliko bara zima. Wanajulikana wanapoanza kupoteza macho, wanapopata kidonda cha mguu kisichofunga, au wanapoletwa wakiwa hawajitambui na ndugu wanasema amelogwa. Kwa hao, mjadala juu ya enzimi za ini umechelewa miaka kumi.

Kwa wanaosimamia afya katika mji huu, wawe wanapokea maagizo kutoka upande gani, ombi letu halihitaji mkutano wala semina ya siku tatu hotelini. Kila kituo cha afya, toka Entrée Président mpaka Mugunga, kiwe na mashine ndogo ya kupimia sukari na vijiti visivyopitwa na tarehe, na bei ibandikwe ukutani kwa Kiswahili, mahali ambapo mgonjwa anaiona kabla ya kufungua pochi. Kila labo inayotoa karatasi ya ini iongeze mistari mitatu chini ya Gama-GT: glisemi, hepatiti B, na saa damu ilipotolewa na saa ilipopimwa. Pale ambapo kipimo hakikufanywa, paandikwe "hakikufanywa", ili mgonjwa na daktari wa kesho wajue.

Nawe msomaji, ukifika nyumbani jioni, utoe ule mfuko nyuma ya mlango. Ukikuta karatasi yenye mshale mbele ya ALAT au Gama-GT, tazama tarehe. Kama ni ya zamani na hakuna mahali palipoandikwa sukari wala hepatiti B, nenda nayo kituoni asubuhi ukiwa hujala, umwonyeshe muuguzi, umwambie unataka hivyo viwili.